Sentimita Tatu Chini ya Bahari

Ukimwambia mtu kuwa kazi yako ni kuchunguza barafu ya bahari, swali la kwanza litakuwa dubu na la pili litakuwa choo. Kuhusu dubu subiri, maana mmoja yumo humu. Kuhusu choo, kipo melini. Ukiwa mbali na meli, upe upepo mgongo, fungua zipu chache iwezekanavyo, na usianze kuwaza.

Swali ambalo hakuna anayeuliza ni hili: hiyo barafu yenyewe ikoje? Wengi hudhani ni ile ya kwenye friji, ila kubwa zaidi. Laiti ingekuwa hivyo. Barafu ya bahari ni fuwele safi zilizochanganyika na majichumvi makali yasiyotaka kuganda. Bahari yenye chumvi gramu 35 kwa kilo huanza kuganda ikifika nyuzi −1.9. Fuwele zinapojengeka huikataa chumvi: sehemu kubwa inasukumwa irudi baharini, na kiasi fulani hunaswa katikati, kwenye vijishimo na vijifereji vyembamba. Ndiyo maana ukiyeyusha barafu ya mwaka mmoja unakuta gramu 4 hadi 6 tu za chumvi kwa kilo. Baridi ikizidi, vijifereji vinabana. Joto likipanda, vinapanuka na kuungana. Wenye kazi hii wana kanuni ya tano tatu: barafu yenye chumvi gramu 5 kwa kilo, kwenye nyuzi −5, huwa na majichumvi karibu asilimia 5 ya ujazo wake, na hapo ndipo penye mpaka. Yakizidi, barafu inapitisha maji. Yakipungua, imeziba.

Ishike kanuni hiyo, kwa sababu mkasa huu ni wa barafu iliyokuwa imeziba vizuri kabisa, haina ugomvi na mtu, mpaka tulipoifikia na drili.

Kwa siku nyingi za mwaka kazi yetu haina mikasa. Unasoma shahada ya fizikia au hisabati, uzamili, uzamivu, kisha unakaa mbele ya skrini ukipambana na mafaili ya setilaiti hadi macho yawe mekundu. Setilaiti zimekuwa zikipima eneo la barafu kwa mawimbi ya maikro tangu mwishoni mwa 1978, usiku na mchana, hata penye mawingu. Kipande cha bahari chenye barafu asilimia 15 au zaidi huhesabiwa kuwa kina barafu, chini ya hapo ni maji. Ndivyo ilivyojulikana kwamba Septemba 2012 eneo la barafu ya Aktiki, yaani bahari ya ncha ya kaskazini, lilishuka hadi karibu kilomita za mraba milioni 3.4, pungufu kuliko mwaka wowote katika kumbukumbu hizo.

Eneo si tatizo. Mtihani ni unene. CryoSat-2 iliyorushwa mwaka 2010 hutumia rada, na ICESat-2 iliyorushwa mwaka 2018 hutumia leza, lakini hakuna kati yao inayouona unene. Zinachopima ni kile kimo kidogo kilichojitokeza juu ya maji, halafu mtu anapiga hesabu. Barafu tupu inapoelea, karibu sehemu moja ya kumi tu hubaki juu, kwa hiyo ukikosea sentimita 1 huko juu umekosea karibu sentimita 10 za unene. Tena kuna theluji. Theluji ina uzito, inaikandamiza barafu, na kutoka angani ni vigumu kujua imelala kiasi gani. Kwa hiyo lazima watu waende na rula. Safari hiyo watu wenyewe tulikuwa sisi.

Tulikuwa kaskazini mwa Svalbard, visiwa vya Norway karibu na ncha ya kaskazini, mwezi Aprili, meli imefungwa kwa nanga za barafu kwenye bamba kubwa lililokuwa likielea na mkondo. Chini yetu kulikuwa na maji ya zaidi ya mita 3000. Hewa ilikuwa nyuzi −22, upepo kidogo, jua halizami. Sehemu hizo zina sifa yake. Mwaka 2015 msafara wa N-ICE2015 wa Taasisi ya Polar ya Norway, ukitumia meli iitwayo Lance, ulikuta huko theluji nene imelala juu ya barafu nyembamba, na maji ya bahari yakipanda kuiloanisha theluji hiyo. Maandishi yao tulikuwa tumeyasoma. Kusoma ni kitu kimoja na kuloa ni kingine.

Kazi ya siku ile ilikuwa ya kawaida kabisa: kuchukua miche ya barafu, yaani nguzo nyembamba za mviringo zinazokatwa kutoka juu kwenda chini. Mche mmoja ni wa joto, wa pili ni wa chumvi, wa tatu ni wa msongamano. Bomba la kuchukulia ni la faiba, urefu mita 1, na mche unaotoka una kipenyo cha sentimita 9. Chini lina meno ya chuma ya kukatia, na ndani ya meno kuna vidole vyenye springi vinavyoushika mche usidondoke. Kwa nje limezungukwa na mkanda wa mzunguko kama wa skrubu, unaopandisha unga wa barafu juu. Linazungushwa na injini au kwa mpini wa mkono wenye umbo la T. Likishazama, unaunga fimbo ya mita 1 kwa pini na kuendelea.

Sheria ya bomba ni moja tu, na kila anayeingia kwenye kazi hii huambiwa kabla hata hajaonyeshwa kitanda chake: usiliache shimoni. Limekaa kwenye hewa ya nyuzi −22, kwa hiyo nalo lina nyuzi −22. Tone lolote la maji litakaloligusa linaganda papo hapo. Likizunguka, salama. Likisimama kavu, salama kwa muda. Likisimama majini, umelipanda, na halitaota.

Kabla ya mche unatoboa tundu la unene kando, kama mita moja na nusu hivi, ili ujue unakwenda kina gani. Hilo ni tundu jembamba la sentimita 5, kwa drili ya betri. (Betri ya akiba hukaa kifuani ndani ya koti, ikikaa kwenye sleji, utaikuta imechoka kabla hujaianza. Na huandiki kitu kwa kalamu ya wino, ni penseli tu.) Kisha unateremsha utepe wa kupimia wenye kijiti cha shaba mwishoni. Kijiti kinashuka kikiwa kimesimama, kikifika chini ya barafu kinalala, unavuta, kinajikwaza upande wa chini, unasoma. Unene wa barafu: mita 1.2. Theluji juu yake: sentimita 50.

Mwenzetu wa theluji, ambaye huitazama theluji jinsi wengine wanavyotazama mpira, aliichimba, akapima msongamano wake: kilo 330 kwa mita ya ujazo. Akanyamaza. Akaandika hesabu kwenye daftari, akainua kichwa.

“Hapa tumekaa chini ya bahari,” akasema.

Hesabu yake ni rahisi, na ningependa uifuate kwa sababu itarudi. Mita ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1025, ya barafu kilo 915. Tofauti ni kilo 110, ndiyo nguvu ya kuelea ya kila mita ya barafu kwa kila mita ya mraba. Barafu ya mita 1.2 inaweza kubeba kilo 132. Theluji ya nusu mita yenye msongamano wa 330 ina kilo 165. Umezidisha kilo 33. Barafu imeelemewa, uso wake umezama sentimita 3 chini ya usawa wa bahari, na kilichobaki juu ya maji ni theluji pekee.

“Mbona basi ni pakavu?” aliuliza fundi mkuu wa meli, aliyekuwa ameomba ruhusa aje kutazama wasomi wanavyofanya kazi.

Kwa sababu ya ile kanuni. Theluji ni blanketi. Ingawa hewa ilikuwa nyuzi −22, uso wa barafu chini ya theluji ulikuwa karibu nyuzi −7, na kwa chumvi 5 kwenye −7 majichumvi hayafiki asilimia 4. Vijifereji vya tabaka la juu vilikuwa vimebana. Maji ya bahari yalitaka kupanda sentimita zake tatu tangu majira ya baridi, hayana njia.

Njia tulikuwa tumeyafungulia, yenye upana wa sentimita 5.

Ukipiga hesabu ya tundu la ukubwa huo kwa msukumo wa sentimita 3, unapata karibu lita moja kwa sekunde pale mwanzoni. Si chemchemi ya kuruka juu, la. Yanatoka kimyakimya chini ya theluji, na theluji inayanyonya kutoka chini kwenda juu, sentimita kadhaa zaidi ya usawa wake. Juu kote ni peupe, kukavu, kunapendeza. Chini ni uji. Huujui mpaka uukanyage.

Sisi tulikuwa tumeshaanza mche wa joto. Bomba lilikuwa limezama sentimita 80, linakwenda vizuri, unga mweupe mkavu unapanda. Ghafla unga ukabadilika rangi, ukawa kijivu, ukaanza kunata. Kiongozi wetu akatazama chini, akaona buti lake la kushoto limezama hadi kifundoni. Akatazama la kulia, nalo limo. Uji ulikuwa umetambaa mita moja na nusu chini ya theluji, ukafika kwenye ukingo wa shimo letu, ukaanza kumiminika ndani kuzunguka bomba.

Hapa dawa inajulikana: usisimamishe injini, zungusha huku unapandisha, toa bomba lote nje, ligonge, lifute. Dakika mbili zinatosha. Kiongozi alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo atoe amri hiyo wakati redio ilipokohoa.

“Dubu. Tuta la kaskazini. Mita mia nane, anakuja huku. Acheni kila kitu, rudini.”

Mlinzi wa dubu hana kazi nyingine. Anasimama pembeni na darubini, bastola ya fataki na bunduki, hagusi chombo, habebi mche, hasaidii mtu. Neno lake ni la mwisho, hata kama aliye shimoni ni profesa.

“Dakika mbili!” kiongozi akapiga kelele.

“Mimi nakubali,” mlinzi akajibu. “Muulize yeye.”

Tukaondoka. Injini tuliichomoa kwa sababu ni ya petroli na ni ghali. Bomba likabaki limesimama, fimbo yake imechomoza juu ya theluji. Mita mia tatu hadi kwenye ngazi ya meli si mbali, lakini buti lililoloa maji ya nyuzi −1.9 likiingia kwenye hewa ya −22 huanza kuwa chuma njiani. Kamba za viatu zikaganda. Zipu za suruali zikaganda. Tulipofika juu hapakuwa na mtu aliyeweza kukunja mguu. Tukapanda ngazi kwa mikono, na tukaketi kwenye korido tukiwa na mabuti miguuni, mstari mmoja, tukisubiri kuyeyuka, huku wafanyakazi wa meli wakituruka kwenda kula.

Dubu alifika kwenye vifaa vyetu kama mkaguzi aliyetumwa. Kutoka daraja la nahodha tulimwona vizuri. Alinusa kisanduku cha vipimajoto, akakiacha. Alinusa kompyuta ya shambani, ambayo ingempa mwenzetu sababu ya kulia, akaiacha. Alichokipenda ni godoro dogo la povu la kupigia magoti. Dubu weupe hupenda vitu laini vya kutafuna. Wenye pikipiki za theluji wanajua, maana viti vyao hugeuzwa nyuzi nyuzi. Godoro lilipokwisha, akaenda kwenye fimbo ya bomba, akaisukuma kwa pua. Haikutikisika. Akaisukuma kwa mkono. Haikutikisika. Hapo ndipo tulipojua hali ya bomba letu: dubu mzima ameshindwa.

Nahodha alipiga honi. Dubu akalala. Zikarushwa fataki kutoka sitahani, akainuka kwa adabu ya mtu aliyekuwa anaondoka hata hivyo, akaenda zake. Mlinzi hakuturuhusu kushuka hadi asubuhi.

Asubuhi palikuwa na sakafu. Uji uliokuwa umekanyagwa na kufunuliwa ulikuwa umeganda juu, na sleji ya miche ilikuwa imezama humo hadi nusu ya mbao zake. Kuhusu bomba, weka akilini vipimo. Shimo lina kipenyo cha sentimita 13 hivi, bomba limejaa karibu lote, na pengo linalobaki limejazwa uji ulioganda kwa kina cha sentimita 80, ukiwa umeushika ule mkanda wa skrubu kwa kila mzunguko wake. Kulivuta moja kwa moja ni kutaka kung'oa skrubu ukutani bila kuizungusha. Tukaunga mpini wa T, tukazungusha watu wawili. Pini ya fimbo ikapinda. Tukaweka nyingine. Nayo ikapinda. Kuirudisha injini ni kishawishi kikubwa wakati kama huo, na haifai: bomba likiwa limeshikwa na injini ikawa na nguvu, kinachochanika ni mkanda wa nje, au mzunguko unamhamia aliyeshika vipini.

Ndipo fundi mkuu alipojitokeza. Alikuwa amelala akiliwaza jambo hili, na alikuwa na furaha.

“Maji ya moto,” akasema. “Kila bomba lililoganda duniani linafunguliwa kwa maji ya moto.”

Hesabu ilimuunga mkono. Lita moja ya maji ya nyuzi 90 ina joto la kuyeyusha zaidi kidogo ya kilo moja ya barafu, na barafu iliyolishika bomba haikuzidi kilo chache. Mpishi akaleta birika mbili kubwa. Fundi akamimina. Juu pakayeyuka vizuri, bomba likacheza kidogo kichwani, watu wakapiga makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fundi wetu alisifiwa, akatia maji kweli. Birika nyingine, na nyingine.

Kumbe yale yalikuwa maji ya kunywa, yasiyo na chumvi. Maji yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko maji ya bahari, na yakiwa moto ni mepesi zaidi, kwa hiyo hayashuki. Yanaelea juu ya majichumvi, yanayeyusha sentimita za kwanza, yanapoa. Na maji hayo huganda kwenye nyuzi 0, wakati kila kitu kilichoyazunguka, bahari kwa −1.9, barafu kwa −7, bomba lenyewe, kiko chini ya sifuri. Kitu cha namna hiyo hutokea chenyewe kila kiangazi: maji ya theluji yaliyoyeyuka hushuka chini ya barafu, yanakutana na bahari iliyo baridi kuliko yenyewe, yanaganda na kutengeneza sakafu ya pili. Fundi mkuu alikuwa ametutengenezea ya kwetu. Baada ya robo saa bomba halikuwa tena limeshikwa na barafu yenye chumvi, ambayo ni laini. Lilikuwa limeshikwa na barafu safi, ngumu, ya daraja la kwanza.

“Sasa?” akauliza.

“Sasa tunahitaji chumvi,” akasema mwenzetu wa theluji.

Mpishi aliposikia kiasi, alikaa chini. Ili majichumvi yasigande hadi karibu nyuzi −21, kila kilo ya mchanganyiko inahitaji gramu 230 hivi za chumvi ya jikoni. Kwa ndoo moja ya lita 10 ni zaidi ya kilo 2. Tuliomba ndoo tatu.

“Nyie mmezungukwa na bahari nzima ya chumvi,” alisema mpishi, “halafu mnakuja kuniomba mimi?”

Hapakuwa na jibu la maana. Akatoa, kwa sharti kwamba malalamiko yoyote juu ya supu yapelekwe kwa kiongozi wa msafara.

Majichumvi ya moto peke yake nayo hayatoshi ukiyamwaga juu. Lazima uyafikishe kina. Kwa hiyo tulifanya mambo mawili. Kwanza, tulizungushia bomba matundu ya drili ya sentimita 5, yakigusana, kwenye duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 15, hadi chini kabisa. Mzunguko wake ni sentimita 94, yaani matundu 19. Kila tundu likawa mfereji mpya, na maji yakapanda tena juu ya ile sakafu ya asubuhi. Uzuri wake ni kwamba yakishafika usawa wa bahari hayapandi zaidi, hivyo unajua utaloa kiasi gani: tayari umeshaloa. Pili, tulisukuma mpira mwembamba kwenye matundu hayo na kupeleka majichumvi ya moto chini, yakate vizingiti vilivyobaki kati ya tundu na tundu.

Tundu la mwisho halitobolewi kabla ya kufunga kamba. Hapo watu huzubaa, kwa sababu kila mtu anajua barafu inaelea. Inaelea, ndiyo, lakini piga hesabu: kipande cha kipenyo cha sentimita 25 na urefu wa mita 1.2 ni kilo 54, na nguvu yake ya kubeba ni kilo sita na nusu tu. Meno ya chuma, kichwa cha bomba, fimbo na viungio vinaweza kuzila zote. Kingekatika bila kamba, huenda kingebaki, huenda kingeaga polepole kuelekea mita 3000, na hapo hakuna wa kumtuma. Tukasimamisha miguu mitatu ya chuma, kapi juu, kamba kwenye fimbo, na kamba ya pili kwa asiyeamini fundo la kwanza.

Kikakatika. Kikabonyea, kikasita, kamba zikakaza. Tukavuta. Kikatoka polepole, nguzo nene ya barafu yenye matuta ya drili pembeni, kinadondosha maji. Fundi mkuu alikuwa karibu kuliko wote, mikono imenyooshwa kukipokea. Nusu ya chini ilikuwa imelegezwa vizuri mno na majichumvi yake mwenyewe. Ikachomoka, ikarudi shimoni kwa kishindo, na maji yote yaliyokuwa shimoni yakapanda kumlaki, usoni kwanza.

Alisimama kidogo. Ndevu zilikuwa zinaganda huku tunaziona.

“Chumvi imekolea,” akasema.

Bomba lilikuwa zima. Ndani yake mlikuwa na mche wa sentimita 80, umenyooka, haujavunjika hata mahali pamoja, mche mzuri kuliko yote ya msafara ule, na usiofaa kitu. Mche wa joto hutobolewa vitundu kila sentimita 5 au 10 mara tu unapotoka, kipimajoto kinaingizwa ndani, kila sekunde ina thamani. Huu ulikuwa umelala shimoni usiku mzima, ukaogeshwa maji ya chai na kuoshwa kwa majichumvi ya jikoni. Tuliukata vipande hivyo hivyo, tukaviyeyusha melini kwenye vikopo vyenye vifuniko, tukapima. Tabaka la juu lilitoa chumvi zaidi ya maradufu ya jirani zake. Mpishi aliomba arudishiwe.

Tulichookoa kwa siku mbili hizo ni mstari mmoja wa takwimu, ule wa tundu la kwanza. Unene wa barafu: 1.20. Theluji: 0.50. Msongamano wa theluji: 330. Kimo cha barafu juu ya maji: −0.03. Kwa wanaotumia rada na leza, mstari kama huo ni dhahabu, kwa sababu theluji iliyoloa chumvi huipotosha rada ikadhani uso wa barafu uko juu kuliko ulipo. Tulihakikisha kila tarakimu, tukasaini, tukatuma.

Wiki kadhaa baadaye ulikuja ujumbe kutoka kwa mtunza takwimu, mtu makini, mwenye programu ya kukagua makosa aliyoiandika mwenyewe. Programu ilikuwa imekataa mstari wetu: kimo juu ya maji hakiwezi kuwa chini ya sifuri. Lakini tusijali, aliandika. Alikwisha kuona kwamba kistari cha kutoa kiliingia kwa bahati mbaya, basi amekiondoa, na sasa kila kitu kinapita.

Mwenzetu wa theluji aliichukua namba mpya, +0.03, akaiingiza kwenye hesabu ileile ya kilo 1025, 915 na 330, kama vile setilaiti ingefanya. Kwa −0.03 unapata barafu ya mita 1.22, karibu kabisa na utepe wetu. Kwa +0.03 unapata mita 1.78. Kwa kufuta kistari kimoja, mtunza takwimu aliiongezea Aktiki zaidi ya nusu mita ya barafu bila kuinuka kitini.

Tukamtumia picha ya korido: mabuti, mstari mmoja, na dimbwi. Akajibu siku hiyohiyo. Kistari amekirudisha, ila programu yake sasa inadai maelezo kwenye safu iitwayo “sababu”, na haikubali zaidi ya herufi ishirini. Fundi mkuu, ambaye barua zote hizi alikuwa akizifuatilia kama mechi, ndiye aliyeijaza: TULILOA SOTE.